Kivu: Kamati za wakimbizi wa ndani zichague barua pepe inayokubali kukaa ndani ya kompyuta

Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa pili, familia nyingi zilitoka na kile mkono uliweza kushika. Wengine walivuka hadi Rugombo, upande wa Burundi. Wengine walirudi katika vijiji ambavyo walikuwa wamevikimbia zamani. Magodoro yalibaki, mbuzi walibaki. Kuna kitu kingine kilichobaki nyuma ambacho hakizungumzwi sana: barua. Orodha za familia, majibu ya mashirika, picha za buletini za watoto, vyeti vya kuzaliwa, vyote vilikuwa ndani ya barua pepe. Barua pepe ilikuwa ndani ya simu, na simu ilipotea njiani ama ilinyang'anywa.

Mtu atasema barua pepe haipotei, iko kwenye intaneti. Ni kweli kwa yule anayeweza kuingia. Lakini mkimbizi anapofungua akaunti yake kwenye mashine ya mtu mwingine, katika mji mwingine, kampuni inashuku mwizi na kutuma namba za uhakikisho kwenye simu ileile iliyopotea. Ili kurudisha kadi ya SIM anaombwa kitambulisho. Na picha ya kitambulisho iko wapi? Ndani ya barua pepe.

Kwa hiyo kamati za wakimbizi, shule zilizohama na vyama vidogo vya akina mama havifai kuchagua barua pepe kwa sababu tu jina lake linajulikana. Swali la kwanza liwe hili: je, kampuni hiyo inakubali barua zishuke na kukaa ndani ya kompyuta ya kamati, kwa programu ya barua, bila malipo?

Wengi hapa hawajawahi kutumia programu ya namna hiyo, maana barua pepe waliijua kupitia simu. Inayofaa zaidi ni Thunderbird, ambayo iko chini ya Mozilla, wale wa Firefox. Ni ya bure, inapatikana kwa Kifaransa, na inatumika kwenye Windows na kwenye Linux. Inafanya kazi kama mtu anayetumwa posta asubuhi na mfuko. Anachukua barua zote, anazileta nyumbani, anaondoka na zile za kutumwa. Katibu anafungua rezo dakika kumi, barua zinashuka. Jioni, rezo ikiwa haipo, anazisoma na kuandika majibu kwa utulivu. Kesho yake rezo ikirudi, majibu yote yanaondoka pamoja. Anayefungua barua kwenye ukurasa wa intaneti hana nafasi hiyo: kila akirudia kuifungua, mega zinakwenda, na rezo ikikatika katikati ya jibu refu anaweza kulianza upya.

Juu ya mega, kuna jambo moja la kujua. Picha inaposafiri ndani ya barua pepe huongezeka uzito kwa karibu theluthi moja. Picha ya mega 3 inafika mega 4. Thunderbird inaweza kuambiwa isishushe barua inayopita uzito fulani hadi mwenyewe aiombe. Kwa kamati inayonunua mega kwa mchango, hilo peke yake linatosha kuifanya ijaribiwe.

Sasa kampuni zenyewe. Gmail inakubali programu kama hiyo bure, kwa njia inayoitwa IMAP, na inatoa nafasi ya giga 15, ingawa nafasi hiyo inagawanywa na picha na faili nyingine za akaunti ileile. Outlook.com ya Microsoft pia inakubali. Yahoo, ambayo wazee wengi wa Kivu bado wana anwani yake ya zamani yenye yahoo.fr, nayo inakubali. Zote tatu zina ugumu mmoja: neno la siri la kawaida, likiandikwa ndani ya programu kama zamani, linakataliwa. Thunderbird mpya inafungua dirisha la kampuni yenyewe, mtu anaingia humo mara moja, kazi imekwisha. Programu za zamani sana haziwezi hivyo, na hapo ndipo watu husema barua pepe imeharibika kumbe ni programu iliyochakaa.

Proton Mail ya Uswisi na Tuta ya Ujerumani zinasifiwa sana na watetezi wa haki za binadamu, na sifa hiyo si ya bure, maana barua zimefungwa kiasi kwamba hata kampuni haizisomi. Lakini Proton inaomba malipo kabla ya kuruhusu Thunderbird, na Tuta haikubali kabisa. Ina programu yake peke yake. Kamati inayotafuta hata franka za kuchapa karatasi haiwezi kujengwa juu ya malipo ya kila mwezi kwa pesa za kigeni.

Hata hivyo, hapa sherti isemwe wazi. Barua zilizoshuka ndani ya kompyuta zinaweza kusomwa na yeyote anayeishika kompyuta hiyo. Neno kuu la siri la Thunderbird linafunga maneno ya siri tu, halifungi barua. Kompyuta ikichukuliwa kwenye kizuizi barabarani, kila kitu kinasomeka. Kwa hiyo ushuhuda wa mwanamke aliyebakwa, majina ya walioona mauaji, au habari za mtu anayetafutwa, hayo yasiwekwe katika sanduku la kamati. Kwa kazi hiyo Proton au Tuta ni bora, hata kama ni za usumbufu. Kuchanganya vitu hivi viwili ni hatari, na kuna mashirika yanayofundisha jambo moja na kusahau lingine.

Jingine la kuangalia ni programu mpya ya Outlook inayokuja na Windows. Mtu akiiwekea anwani yake ya Gmail, barua hupitishwa na kuhifadhiwa pia kwenye seva za Microsoft. Anayetaka barua zikae nyumbani, hapo hakuchagua vizuri.

Kuna kosa ambalo hata wenye ujuzi hulifanya. IMAP ni kama kioo: kinachofutwa upande mmoja kinafutika upande wa pili. Katibu mwenye hasira akifuta barua kwenye simu, kompyuta ikiunganishwa nayo inazifuta. Njia nyingine, POP, ni ya kuleta barua nyumbani, lakini mara nyingi inaziondoa kule zilikotoka, na wajumbe wengine wa kamati wanakuta sanduku tupu. Kwa kamati yenye watu watatu au wanne, IMAP ni bora, ila barua za thamani zinakiliwe kwenye sehemu ambayo Thunderbird ya Kifaransa inaiita Dossiers locaux. Humo hakuna anayefuta kutoka mbali. Kisha folda nzima ya Thunderbird inakiliwa kwenye flashi kila mwisho wa mwezi, na flashi hiyo ikae kwa mtu mwingine, nyumba nyingine.

Wakati nao una haki yake. Google inaweza kufuta akaunti ambayo haijatumiwa miaka miwili, na Yahoo inahesabu miezi kumi na miwili tu. Familia iliyokaa kambini mwaka mzima bila simu inaweza kukuta anwani yake imekufa. Kama nakala iko kwenye flashi, anwani imekufa lakini barua ziko.

Mashirika yanayogawa kompyuta kwa kamati za wakimbizi yana deni hapa. Kompyuta inatolewa, picha inapigwa, kisha mashine inabaki ya kuchezea filamu kwa sababu hakuna aliyeweka programu ya barua. Kuiweka, kuingiza anwani ya kamati na kumwonyesha katibu na msaidizi wake si kazi ya semina ya siku tatu.

Na kabla ya kufunga kompyuta siku hiyo ya kwanza, kuna karatasi ya kuchapwa. Gmail, kwa anayewasha uhakikisho wa hatua mbili, inatoa namba kumi za akiba. Kila moja inafungua mlango mara moja bila simu. Zichapwe nakala mbili. Moja iende kwa mwenye kutunza sanduku la pesa za chama, nyingine ishonwe ndani ya mfuko wa mama mmoja ambaye kila mtu anajua kwamba akikimbia hausahau.