Mlango wa mnara na hadithi ya Waviking

Kuhusu minara mirefu ya mawe ya watawa wa Ireland, naomba nitie neno. Kila mgeni Glendalough huambiwa mlango uliwekwa mita 3.5 hivi juu ya ardhi ili watawa wapande, wavute ngazi ndani, na Waviking wabaki wametumbua macho. Hadithi tamu! Lakini mnara mwembamba wenye sakafu za mbao ukitiwa moto unageuka bomba la moshi. Wa Slane uliteketezwa mwaka 950 watu wakiwa ndani; wa Monasterboice uliungua 1097 pamoja na vitabu. Mimi naona sababu ya mlango kuwa juu iko chini: misingi ya minara hii haina kina kirefu, na kuacha tundu la mlango karibu na ardhi kungedhoofisha ukuta. Kazi kubwa ya mnara ilikuwa kupigia kengele.

Anayekwenda kuiona minara hii asiishie Glendalough, kumejaa mabasi ya watalii. Afike Kilmacduagh, kaunti ya Galway: mnara wa mita 34 hivi, umeinama waziwazi, na mlango uko juu zaidi ya mita 7. Halafu, lile paa la mnara wa Glendalough wageni wanalolipiga picha lilijengwa upya 1876, kwa mawe yaleyale.