Kuvuka Mpaka Si Kufutiwa Kodi

Kila Juni, wakati walio nyumbani wanakesha wakipambana na ritani za mamlaka ya mapato, KRA, jamaa zao wa Dallas, Leeds na Jeddah hulala usingizi wa pono. Ukiwauliza, jibu ni lilelile: mimi siishi Kenya, kodi ya Kenya hainihusu. Hulitamka kama watu walioisoma sheria mstari kwa mstari. Wengi wao hawajawahi kuifungua.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, haiulizi ulipanda ndege lini wala viza yako ni ya aina gani. Inauliza kama ulikuwa mkazi katika mwaka husika, na mkazi wa sheria si yule wa mtaani. Ukiwa na makao ya kudumu Kenya, halafu ukawepo nchini kwa kipindi chochote cha mwaka huo, hata likizo ya Krismasi, wewe ni mkazi. Kama huna makao hayo, siku zako ndizo huhesabiwa: 183 ndani ya mwaka, au wastani wa zaidi ya 122 ukijumlisha mwaka huo na miwili iliyoutangulia. Na mshahara wa mkazi hutozwa kodi hata kama jasho lote lilimwagika ng'ambo. Tanzania nayo, katika sheria yake ya mwaka 2004, inatumia vipimo hivyohivyo, ila imeongeza kimoja: mtumishi wa serikali aliyepelekwa kazini nje huhesabiwa mkazi popote alipo.

Sasa mfikirie dereva wa Jeddah. Mkewe na watoto wako Mumias, katika nyumba aliyoijenga yeye mwenyewe kwa riyali zake, tofali baada ya tofali. Mwenyewe hulala katika chumba cha kampuni na wenzake. Desemba huja kwa wiki tatu, anachinja mbuzi, anarudi. Ni vigumu kusema makao yake ya kudumu yako mahali pengine isipokuwa Mumias, na kwa hiyo kila mwaka anaokuja likizo anakuwa mkazi wa Kenya machoni pa sheria. Tuseme mshahara wake ni sawa na shilingi 70,000 kwa mwezi. Ukipiga hesabu kwa viwango vinavyotumika, yaani asilimia 10, 25 na 30, kisha uondoe msamaha wa shilingi 2,400 wa kila mwezi, anadaiwa zaidi ya shilingi 13,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya 150,000. Sijasikia dereva wa aina hiyo aliyebishiwa hodi. Lakini deni ambalo halijadaiwa bado ni deni, na serikali yenye njaa ya mapato huwa na kumbukumbu nzuri.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi mzigo huu unavyogawanyika. Raia wa Kenya aliyekatwa kodi ya mshahara ugenini huruhusiwa kuipunguza kwenye ile anayodaiwa nyumbani, ili asitozwe mara mbili. Mkazi wa Kenya anayelipwa mshahara Ulaya, ambako kodi ni nzito, huenda asibakiwe na deni lolote. Saudi Arabia haikati kodi ya mapato kwenye mshahara, kwa hiyo dereva wetu hana cha kupunguza. Oman imekwisha kupitisha sheria ya kodi hiyo, ya kwanza katika nchi za Ghuba, itakayoanza mwaka 2028, lakini ni asilimia 5 kwa mapato yanayozidi riyali 42,000 kwa mwaka. Yaya wa Muscat haoti hata robo ya fedha hizo. Matokeo yake ni kwamba sheria inamkodolea macho zaidi mwenye kazi ngumu na mshahara mdogo, huku muuguzi wa Leeds aliyehama na familia yake yote, asiye na makao Kenya na anayekuja kwa wiki tatu tu, mshahara wake hauguswi kabisa.

Hapo ndipo huibuka wa kulalamika kwamba Kenya inataka kujifanya Marekani. Hapana, hayo ni mengine. Marekani humfuata raia wake kwa sababu ya uraia wenyewe, aishi Nakuru au mwezini, na Eritrea nayo huwadai raia wake walio nje asilimia 2 ya mapato. Boris Johnson alizaliwa New York, akaondoka akiwa mtoto wa miaka mitano, na bado Wamarekani walimdai kodi ya faida alipouza nyumba yake ya London. Alilipa, kisha akaukana uraia huo mwaka 2016. Wakenya waliochukua pasipoti ya Marekani na sasa wamerudi kustaafu wangefaa kuisoma habari hiyo mara mbili, kwa sababu wana imani yao pacha: nimerudi nyumbani, IRS imenisahau. Mamlaka hiyo ya kodi ya Marekani haijasahau. Akaunti zako za nje ya Marekani zikizidi jumla ya dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, unatakiwa kuzitaja.

Halafu kuna hoja ya majivuno: sisi tunatuma mabilioni, tumeshalipa. Ni kweli kwamba mwaka 2024 walio ughaibuni walituma Kenya karibu dola bilioni 5, na mama anayepokea hulipa VAT ya asilimia 16 kwenye bidhaa nyingi anazonunua. Fedha hizo zenyewe hazitozwi kodi ya mapato mikononi mwake, na hazipaswi kutozwa. Lakini kumtumia mama pesa ya dawa ni wema wa mtoto kwa mzazi. Hakuna ofisi ya kodi duniani inayoupokea kama stakabadhi.

Kodi ya pango sitaijadili sana kwa sababu haina utata. Nyumba za kupangisha ulizojenga Ruaka au Mtwapa zinaingiza mapato ya Kenya, na yanatozwa Kenya, ulale Dallas au Dubai. Anayejificha nyuma ya ughaibuni kwa hili hana hoja, anakwepa tu.

Ubaya wa imani hii ya kwamba ukiwa nje kodi haikuhusu ni kwamba inawanyamazisha watu wenye haki ya kupiga kelele. Ukijiaminisha kwamba sheria haikuhusu, hutamuuliza mbunge wako kwa nini imeandikwa hivyo. Afrika Kusini nayo huwatoza wakazi wake mapato ya dunia nzima, lakini imeweka kinga: anayefanya kazi ya ajira nje kwa zaidi ya siku 183 katika miezi 12, zikiwemo zaidi ya 60 mfululizo, hasamehewi kila kitu, ila randi milioni 1.25 za kwanza za mshahara wake haziguswi. Hakuna dereva wala yaya wa Ghuba anayefika hapo. Kenya na Tanzania zinaweza kuandika kifungu cha namna hiyo katika mswada wa fedha wa mwaka wowote zikitaka. Serikali zinazowahimiza vijana waende Ghuba, kisha zikahesabu dola zao kama fahari ya taifa, haziwezi kuwaachia sheria inayowageuza wadaiwa kwa kosa la kuwajengea wake zao nyumba.

Hadi kifungu hicho kiandikwe, hesabu siku zako za kuwa nyumbani, tunza mkataba wako na kila karatasi ya kodi uliyokatwa huko uliko. Na kama una PIN yenye wajibu wa kodi ya mapato, wasilisha ritani kabla ya Juni 30, hata kama ni ya sifuri. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa, na haiulizi ulikuwa nchi gani.