Kiraka si Haya, Kukata Urithi Njo Haya

Kuna maneno mawili ambayo watu wenye masomo katika mji wetu wanayarudilia bila kuyapima. La kwanza: «Kiraka ni ya bamasikini.» La pili: «Blanketi ya bipande-bipande, ile ni kazi ya bazungu.» Yote mawili ni uongo, na uongo huo unatuletea hasara.

Tuanzie Kasai, kwa Bakuba wa Mweka na Mushenge. Uzi wa rafia hausokotwi. Unatoka katika jani, na urefu wake hauwezi kupita urefu wa jani. Kwa hiyo kitambaa ambacho mwanaume anafuma kwenye mtambo wake ni kipande kifupi. Lakini sketi ya mwanamke, ile ya kuzungusha mwilini mara nyingi, inaweza kufika mita sita na zaidi. Itapatikana namna gani bila kuunga vipande? Tena kitambaa kinapondwa kwenye kinu ili kilegee. Pengine kinatoboka, na tundu linafunikwa kwa kiraka. Wachunguzi wanafikiri kwamba mapambo ya viraka yalianzia hapo: kiraka kimoja cha lazima, halafu vingine vya kupendeza vikapangwa kando yake. Huo ni umasikini? Hapana, ni akili.

Na haiko rafia peke yake. Kuna sketi za Bakuba zilizotengenezwa kwa magome ya mti: pembetatu ndogo-ndogo, nyepesi na nyeusi, zimeunganishwa kwa sindano. Kuna na ile tunaita velur ya Kasai: mama anapitisha uzi chini ya nyuzi za kitambaa, hafungi fundo, anakata kwa kisu kidogo, na ncha zinasimama kama manyoya. Kipande kimoja kinaweza kula miezi. Leo washonaji wa blanketi kule Ulaya na Marekani wanatafuta vitambaa vigumu, vyenye manyoya, visivyo vya kawaida. Sisi tuko navyo tangu wakati wa mababu. Mchoraji Henri Matisse wa Ufaransa alivitundika ukutani mwake; sisi tunavificha chini ya kitanda.

Sasa tuangalie biashara. Kwa Bakuba, maiti anavishwa nguo hizi kabla ya kuzikwa, na ndugu wanazivaa kwenye kilio. Ni mali ya ukoo. Lakini muuzaji anakuja, ananunua sketi ya zamani, anashika makasi, na sketi inakuwa mifuko ya mito ya viti, ama vipande vya blanketi ya mtu wa ngambo. Mapambo ya sketi hiyo yanageuka toka ncha moja mpaka nyingine. Mwenye kuijua anaisoma. Kuikata ni kuchana kitabu na kuuza kurasa moja-moja. Njo haya yenyewe, si kiraka.

Wauzaji watajibu: «Tutakula nini? Batoto banaomba feza ya masomo.» Swali ni la haki. Lakini sketi ya bibi ikikatwa inaleta feza mara moja tu, kisha imekwisha. Mama anayejua kudarizi anaweza kuuza kila mwaka. Vipande vya mraba vinatengenezwa vipya kwa ajili ya soko: hivyo vikatwe, vishonwe, viuzwe hata mbali, mradi aliyedarizi alipwe kwa miezi yake, wala si yule wa kati peke yake.

Wengine watasema kinyume: mila isiguswe, rafia isichanganywe na kitenge. Hao nao hawaijui mila wanayoitetea. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionere walimwonyesha mfalme wa Bakuba pikipiki. Mashini haikumshangaza. Alichopenda ni alama ambazo mipira iliacha kwenye mchanga, akaamuru zinakiliwe, zikawa pambo jipya. Kama mfalme aliokota pambo njiani, fundi wetu wa nguo anakatazwa nini kuokota mabaki ya kitenge chini ya mashini yake?

Basi tushone. Rafia ikikatwa, ukingo wake unafumuka, upindwe kwanza. Ni nzito na ngumu, kwa hiyo iwekewe kitambaa cha pamba nyuma. Velur isipigwe pasi juu ya manyoya. Mama yeyote mwenye sindano anaweza kujifunza hayo, na shule zetu zinaweza kuyafundisha katika saa ya kazi za mikono.

Na kabla ya kufungua makasi, kila mmoja aulize swali moja: nguo hii ni ya soko, ama ni ya mtu wetu aliyekufa? Kama ni ya soko, kata. Kama ni ya ukoo, irudishe ndani ya sanduku, na mwite mtoto umwonyeshe.