Programu haijaharibika, inachora nyumba ya mtu mwingine

Mtu akilalamika kwamba programu yake ya kuchora ramani za nyumba inamsumbua, ushauri anaopewa ni uleule: izime uiwashe, ifute uiweke upya, ongeza memori, badilisha kadi ya picha. Ushauri huo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba unatibu hitilafu zinazopiga kelele tu: faili kukataa kufunguka, skrini kuganda, programu kujifunga yenyewe. Hitilafu za aina hiyo zinakera na zinakula muda, lakini hazimjengei mtu chumba kisichoingia kitanda, kwa sababu kila mtu anaziona. Vyumba vya namna hiyo hujengwa na hitilafu za kimya, pale ambapo programu inafanya kazi vizuri, mistari imenyooka, picha ya nyumba inapendeza, na vipimo si vyenyewe. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita ubovu wa programu ni mipangilio iliyowekwa na watengenezaji wakiwa na nyumba za kwao akilini, nasi tunaipokea bila kuihoji. Kutafuta tatizo kuanzie hapo, kabla hata ya kumwita fundi wa kompyuta.

Zile za kelele nizimalize haraka, maana dawa zake zinajulikana. Umeme ukikatika katikati ya kazi, programu ya AutoCAD huwa imeshajiwekea nakala ya muda kila baada ya dakika 10, isipokuwa kama mtumiaji ameizima huduma hiyo. Pia, pembeni ya faili la mchoro, linaloishia na DWG, huachwa jingine linaloishia na BAK, ambalo ni mchoro ulivyokuwa kabla ya kuhifadhiwa mara ya mwisho. Libadilishe jina liishie na DWG, litafunguka. Faili lililoharibika lina amri ya RECOVER, na lile linalofunguka lakini lina vurugu ndani lina AUDIT. Michirizi ya kujazia ukuta ikigoma kuingia, mara nyingi kuna mistari miwili isiyogusana konani, pengine kwa pengo la milimita moja tu, na kuikuza kona hiyo kwenye skrini kutamaliza ubishi. Anayeishi penye umeme wa kukatikakatika azipunguze dakika 10 ziwe tatu. Basi.

Sasa zile za kimya, na tuanze na ukuta. Sweet Home 3D ni programu ya bure iliyotoka mwaka 2006, na haihitaji kompyuta ya gharama. Ukuta mpya ndani yake hutoka na unene wa sentimita 7.5 na kimo cha sentimita 250. Kwa ukuta mwepesi wa kugawa vyumba, ule wa bodi za jipsamu zilizopigwa kwenye fremu, kipimo hicho kina mantiki. Kwetu ukuta ni tofali la inchi sita, yaani milimita 150. Ongeza lipu ya milimita 15 kila upande, unafika milimita 180. Piga hesabu ya nyumba yenye upana wa mita 10 nje kwa nje, iliyokatwa na kuta nne, mbili za nje na mbili za kugawa. Kwa kuta za programu, nafasi inayobaki ndani ni mita 9.70. Kwa kuta za tofali ni mita 9.28. Sentimita 42 zimepotea bila onyo lolote, na lazima zitafutwe saitini, ambako aghalabu huchukuliwa kwenye korido, kwa kuwa korido haina mwenyewe wa kuitetea. Korido iliyochorwa mita 1.20 inabaki sentimita 78, na hapo kochi halikati kona. Tiba yake ni kufungua mipangilio kabla ya kuchora mstari wa kwanza, kuandika unene wa tofali utakalojengea pamoja na lipu yake, kisha kuhifadhi faili hilo tupu liwe mwanzo wa kila kazi. Programu za Kimarekani zinazojumlisha vifaa zinahitaji uangalifu wa ziada, kwa maana ukuta wao wa kawaida ni wa mbao: usipoubadilisha, utaletewa orodha ya mbao na bodi wakati mteja anataka kujua idadi ya matofali na mifuko ya saruji.

Vipimo navyo vina mtego wake, kwa sababu Afrika Mashariki tunajenga kwa mifumo miwili kwa wakati mmoja. Mpima ardhi analeta mita. Tofali ni inchi, kitanda ni futi tano kwa sita, na kule Kenya kiwanja kinatangazwa kama hamsini kwa mia, yaani futi. Kompyuta haijui lolote kati ya haya. Ukiandika 3600 ndani ya AutoCAD, hiyo ni namba tupu. Kama ni milimita au inchi ni juu yako kuiambia, kwa amri ya UNITS. Ndiyo maana mlango uliopakuliwa mtandaoni, uliochorwa kwa inchi, unaweza kutua kwenye mchoro wako ukiwa na upana wa milimita 36, kama kidoa cha wino, na mlango uliochorwa kwa milimita ukavimba mara 25.4 kwa mwenye kuchora kwa inchi. Mtego huo unaonekana, unachekwa, unarekebishwa. Usioonekana ni ule wa futi moja kuhesabiwa kuwa sentimita 30, wakati futi ni sentimita 30.48. Nyumba ya mita 12 ikigeuzwa futi 40 kwa hesabu hiyo ya kienyeji, itasimama ikiwa na mita 12.19. Sentimita 19 hizo zinazidi unene wa ukuta mzima, na zimetoka kwenye nafasi iliyopaswa kuachwa kati yako na jirani.

Anayedhani haya ni matatizo ya wanagenzi atazame yaliyoikuta kampuni ya ndege ya Airbus mwaka 2006. Wahandisi wa Hamburg walikuwa wakitumia toleo la nne la programu ya CATIA, wenzao wa Toulouse toleo la tano, na matoleo hayo hayakuelewana vizuri katika njia za nyaya. Kila upande kompyuta zilifanya kazi. Nyaya zilipoanza kufungwa kwenye ndege ya A380, zikawa fupi. Ndege ya kwanza ilimfikia mteja Oktoba 2007, ikiwa imechelewa sana, na hasara ilikuwa ya mabilioni ya yuro. Kuizima kompyuta na kuiwasha kusingesaidia kitu, kwa kuwa hakuna kompyuta iliyokuwa imeharibika. Kosa lilikaa katikati ya kompyuta mbili nzima, na hapo ndipo makosa ya ramani za nyumba yanapokaa pia: kati ya mpima ardhi na mchoraji, kati ya mchoraji na printa, kati ya printa na fundi.

Turudi kwenye mipangilio ya kwao, na sasa tutazame jua. SketchUp, programu nyingine ya kuchora nyumba, ilizaliwa Boulder, Colorado, Marekani, na kwa miaka mingi mchoro mpya ndani yake ulihesabu jua la mji huo, ulio kwenye latitudo ya nyuzi 40 kaskazini. Kule jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini ya ikweta, na kuanzia Machi hadi Oktoba jua letu la adhuhuri linapita upande wa kaskazini. Mchoraji asiyebadilisha mahali atamwonesha mteja kivuli kizuri kwenye baraza ya kaskazini, picha iliyotolewa na programu isiyo na hitilafu hata moja, kisha mteja atajenga na kuungua miezi saba kwa mwaka. Kubadilisha mahali ni kazi ya dakika mbili.

Kuna hitilafu nyingine ambayo kwa sura ni ubovu wa kompyuta kabisa, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo kwa sababu inawatoa watu fedha. Mistari inatetemeka unapoikaribia, kuta zinarukaruka, na mwenye kompyuta anauziwa kadi mpya ya picha. Chanzo mara nyingi ni ramani ya upimaji iliyoingizwa na namba zake za UTM, yaani zile zinazoonesha kwa mita mahali kiwanja kilipo duniani. Kusini ya ikweta namba ya kaskazini-kusini huanzia milioni 10 za mita na kushuka kadiri unavyokwenda kusini, hivyo Dar es Salaam iko juu kidogo ya milioni 9.2 na Nairobi karibu milioni 9.86. Kadi ya picha kwa kawaida huchora kwa hesabu yenye tarakimu saba hivi. Namba ikishapita 8,388,608, hatua ndogo kabisa inayoweza kuoneshwa ni moja nzima, yaani hapa mita moja. Programu isiyo na ujanja wa kulikwepa hilo itatetemesha kuta hata kwenye mashine ya bei ya gari. Ajabu ni kwamba Kampala, iliyo kaskazini kidogo ya ikweta, ina namba ya elfu 35 tu, na mchoro uleule unatulia zaidi. Sogeza kiwanja karibu na sifuri, andika pembeni umekisogeza kiasi gani, na mtetemo unakwisha bila senti kutumika.

Kuna wanaosema yote haya ni kujisumbua, kwa kuwa fundi mzoefu ataona kosa saitini na kulirekebisha. Ni kweli anarekebisha. Lakini anarekebisha chumba kimoja alichosimama ndani yake, wakati makadirio ya matofali, bati na nondo yalishatolewa kwenye mchoro wenye kosa na fedha imeshatumika. Wengine wanasema mwananchi asiguse programu hizi kabisa, amwachie msanifu aliyesajiliwa. Kwa jengo linaloombewa kibali, msanifu ndiye wa kusaini, sina ubishi. Ila watu wameshaanza kujichorea, na mteja anayefika kwa msanifu na mchoro wenye kuta za unene wa kweli anampunguzia kazi, hamnyang'anyi. Wapo pia wanaosema shida yetu halisi ni bei, kwamba leseni hazinunuliki na tunaishi na nakala zilizovunjwa kufuli. Hili lina uzito, na nakala hizo kweli huja na virusi na hukosa masasisho. Hata hivyo leseni halali haijui unene wa tofali lako, na Sweet Home 3D au LibreCAD, ambazo hazina bei, zikipangwa vizuri zitatoa ramani sahihi kuliko programu ya mamilioni iliyoachwa ilivyotoka dukani.

Hatua inayoharibu kazi nzuri kuliko zote iko mwishoni kabisa, steshenari. Ramani iliyopangwa kwa karatasi ya A3 kwa skeli ya 1:100 inachapwa kwenye A4 kwa sababu A3 zimekwisha, na printa, ikiwa imewekwa itosheleze ukurasa, inaipunguza hadi asilimia 71 bila kumwambia mtu. Chini bado pameandikwa 1:100, lakini sasa ni kama 1:141. Chumba cha mita 3.60 kilichopaswa kuwa na milimita 36 kina milimita 25.5, na anayepima kwa rula atakisoma mita 2.55. Picha ya skrini iliyotumwa WhatsApp ni mbaya zaidi, haina skeli kabisa. Kama ni lazima kutuma, itumwe kama faili la PDF. Kuandika vipimo vyote kwa namba kunasaidia, na fundi mzuri hufuata namba kabla ya rula, ingawa daima kuna dirisha moja ambalo mchoraji alisahau kuliandikia. Kwa hiyo ofisi zinazotoa vibali zingeweza kudai kitu kidogo kwenye kila karatasi: mstari wa skeli uliochorwa pamoja na nyumba, ambao ukipunguzwa nyumba nao unapungua. Ukiwa umeandikwa mita 5 kwa skeli ya 1:100, unapaswa kusoma milimita 50 kwa rula ya mtoto wa shule. Ukisoma 35, karatasi irudi steshenari kabla msingi haujachimbwa.