Saa ya Kurudi

Sisi tukaao karibu na Ikweta tumezoea jua lililo aminifu. Huchomoza yapata saa kumi na mbili asubuhi, huchwa yapata saa kumi na mbili jioni, na mwaka mzima halitudanganyi sana. Lakini ziko nchi ambazo jua lake halifai kutumainiwa hivyo. Katika mji wa Salt Lake City, ulio katika jimbo la Utah huko Marekani, jua la Desemba hutoka karibu na saa mbili asubuhi, na huzama yapata saa kumi na moja jioni.

Mji ule u bondeni, katika kimo cha mita 1,300 hivi, na upande wa mashariki imesimama milima ya Wasatch, ambayo baadhi ya vilele vyake vyapita mita 3,300. Miguuni pake pana vilima vya nyasi na vichaka, na kati ya mlima na mlima yamechimbika makorongo marefu. Njia moja ya vilimani yafuata ufuko wa ziwa la kale liitwalo Bonneville. Maelfu ya miaka iliyopita maji yalifika pale juu. Leo masalio yake ni lile ziwa la chumvi lionekanalo mbali chini. Mtu hutembea ufukoni pasipo maji!

Watu wa mji hupenda kupanda huko hata wakati wa theluji, wala siwalaumu. Katika majira hayo hewa ya baridi hutuama bondeni kama maji katika bakuli, na moshi wa magari na wa nyumba hukaa humo siku nyingi. Apandaye mita mia chache huweza kutokea juu ya ukungu ule, akaota jua katika hewa yenye joto kuliko ile aliyoiacha nyumbani. Nani asingependa kwenda?

Walakini nasema hivi: kila apandaye na aamue nyumbani, kabla ya kufunga viatu, saa atakayogeuka; na saa hiyo ifikapo ageuke, ajapokuwa amekwisha kukiona kilele. Wengi hulicheka neno hili. Husema kwamba kurudi ni woga, na tena mji u karibu, hata taa zake zaonekana.

Tuwaze vijana wawili watokao saa sita mchana. Huko kaskazini jua la majira ya baridi hupita chini, upande wa kusini wa mbingu. Kwa hiyo mtelemko uelekeao kusini huwa mkavu, au wenye matope tu, na ule wa ng'ambo, uelekeao kaskazini, hubaki na theluji na barafu katika korongo lile lile. Vijana wetu waanza penye jua. Wapanda upesi, watoka jasho, wavua makoti. Saa nane njia yaingia kivulini. Barafu yateleza, nao hawana yale meno ya chuma yafungwayo chini ya viatu. Nguo za pamba zilizolowa jasho zageuka baridi mwilini. Kilele kingali mbele kidogo, nao waendelea. Warudipo, matope waliyoyakanyaga mchana yameganda, na jua limekwisha kujificha nyuma ya ukingo wa korongo, ingawa bondeni bado ni mchana. Katika makorongo mengi simu haipati mawasiliano, na baridi huimaliza nguvu yake upesi. Taa za mji waziona kweli, lakini taa ya mbali haimulikii mtu mahali pa kuweka mguu.

Ukaribu ndio udanganyao. Aendaye Kilimanjaro hujitayarisha, huchukua nguo nzito na kiongozi. Aendaye kilima cha nyuma ya nyumba yake huchukua kiburi tu. Wala hasara si yake peke yake. Waokoaji wa wilaya ile ni watu wa kujitolea, wasiolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Huacha chakula chao mezani, huingia gizani penye barafu ile ile, wakimtafuta mtu aliyekataa kugeuka saa nane.

Iko tena hatari ya theluji kuporomoka. Huanza hasa penye mtelemko wa nyuzi 30 hadi 45, lakini hufika hata kwenye njia tambarare iliyo chini yake. Tarehe 6 Februari 2021 watu wanne waliokuwa wakiteleza kwa ski walikufa kwa poromoko katika milima ya korongo la Millcreek, si mbali na mji. Kila asubuhi ya majira hayo hutolewa habari za hatari hiyo, na siku nyingine saa ya kurudi ni kabla ya kutoka mlangoni.

Mtu aweza kuniuliza, "Je, saa imefika, mbingu ni safi, na kilele ni mwendo wa robo saa tu?" Nami najibu, geuka. Robo saa ya kupanda yataka na muda wake wa kushuka, na muda huo wakopwa katika nuru ya mwisho, wakati miguu imechoka na barafu imekuwa ngumu. Kilele kitakuwapo Jumamosi ijayo, na siku hiyo tokeni saa tatu.