Mlinzi Asiyefika Mbita

Mchuuzi wa samaki wa Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, na mwenye duka wa Isebania, kule Migori, wote wawili hupokea malipo kwa simu. Ndani ya simu hizo mna programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha za C na C++, na humo mna hatari ambayo aghalabu hujadiliwa kwa Kiingereza pekee.

Sehemu moja ya programu inapoita nyingine, anwani ya mahali pa kurejea huhifadhiwa kumbukumbuni. Mdukuzi akipata mwanya wa kuandika data kupita mpaka wake, huweza kuibadili anwani hiyo, na programu ikarudi anakotaka yeye. Hila hii si ngeni. Mnyoo wa Morris uliitumia mwaka 1988.

Dawa ya siku hizi ni ushirikiano wa kompaila na maunzi. Prosesa za Intel zilizoanza kutolewa mwaka 2020 hutunza nakala ya anwani za kurejea katika rundo kivuli. Nakala zikitofautiana, programu husimamishwa. Arm, ambayo miundo yake imo katika simu nyingi, ilitangaza mwaka 2016 njia ya kuitia anwani muhuri.

Muhuri huo, hata hivyo, haumo katika Cortex-A53 wala Cortex-A55, prosesa za simu nyingi za bei nafuu. Kompaila huziandika amri za muhuri kwa namna ambayo prosesa kongwe huzipita tu, kana kwamba hazipo. Programu haikwami, huenda bila mlinzi, na mwenye simu hana habari. Wahandisi walifanya busara, la sivyo simu za zamani zingefungiwa nje kabisa. Ubaya huanza pale mtunzi wa programu za fedha anaposadiki kwamba kompaila imemaliza kazi, akauondoa ulinzi wa kale usiotegemea maunzi: ile alama ya siri iwekwayo kando ya anwani na kukaguliwa kabla ya kurejea, iliyojulikana tangu mwaka 1998. Hupunguza kasi kidogo, naam, lakini hufanya kazi katika simu yoyote.

Chuo Kikuu cha Rongo kimo Migori, na cha Tom Mboya kimo Homa Bay. Wanafunzi wa huko wana nafasi ya kuzijaribu programu hizo kwenye simu zinazouzwa sokoni Isebania, na wenzao wa Kiswahili kumweleza mchuuzi, kwa lugha anayoielewa, kile ambacho simu yake haina.