Ubwana Haujengi Kazi

Kila mwaka vijana wengi hutoka katika Chuo Kikuu cha Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, wakaenda kushika kazi katika halmashauri, wizara, mashirika na makampuni ya nchi hii. Wengine huwa maofisa utumishi, wengine wahasibu, wengine wanasheria, na haupiti muda mrefu ila baadhi yao huitwa wakuu. Kila mfanyakazi ana haki ya kuuliza: Je, watu hawa watatuongoza namna gani? Swali hili si dogo. Mfanyakazi huishi sehemu kubwa ya umri wake chini ya mkuu wa kazi. Na mwananchi aendaye ofisini kutafuta hati, au zahanati kutafuta dawa, hupata ama hukosa kwa kadiri mahali pale panavyoongozwa.

Historia ya Mzumbe yenyewe ni somo. Mwaka 1953 Waingereza walifungua pale shule ya serikali za mitaa ili kuwafunza machifu, madiwani na makarani. Chini ya ukoloni kazi kubwa ya watu hao ilikuwa kupokea amri za Boma na kuzifikisha kwa wananchi. Mwaka 1972 shule hiyo iliunganishwa na taasisi ya utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikapatikana Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Na mwaka 2001 kikawa Chuo Kikuu. Neno lililotangulia lilikuwa utawala, lililofuata likawa uongozi. Kubadili jina ni kazi ya siku moja. Kubadili moyo wa mwenye cheo ni kazi ya miaka mingi, na hiyo haijakwisha.

Yafaa tukumbuke yaliyotokea upande wa pili wa milima hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko wa ardhi. Kusudi lilikuwa jema, kwani udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji kweli. Lakini watu hawakuulizwa. Walipewa siku za kuchimba kila wiki, na aliyekosa alishtakiwa. Wakulima walijua jambo ambalo mabwana shamba hawakutaka kulisikia: mahali pengi udongo wenye rutuba ni mwembamba, na ukichimba ngazi unautoa juu udongo wa chini usiozaa kitu. Julai 1955 watu wakafanya ghasia Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu akafa. Mpango wote ukaachwa.

Sasa nenda Mgeta. Huko utaona milima imekatwa ngazi kwa ngazi, imepandwa kabichi, karoti na njegere ziendazo kuuzwa katika masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Hakuna polisi anayewasimamia wakulima hao. Wanajua kwa nini wanachimba, na faida wanaiona mifukoni mwao. Milima ni ile ile, na watu ni wale wale. Kilichotofautiana ni jinsi kazi ilivyowafikia.

Wala tusiwasingizie wakoloni peke yao. Siasa ya vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1967 ilisema wazi kwamba watu wajiunge kwa hiari. Hata hivyo, katika operesheni za miaka ya 1974 hadi 1976 wananchi wa sehemu nyingi walihamishwa kwa nguvu, na baadhi ya waliowahamisha walikuwa ndugu zao wenyewe waliokuwa na haraka ya kupeleka hesabu kwa wakubwa. Kiongozi anayetaka hesabu nzuri kabla ya kupata watu walioelewa hujenga nyumba juu ya mchanga.

Wataalamu wa ng'ambo nao wameliandikia jambo hili. Mwaka 1978 Mmarekani James MacGregor Burns alitofautisha uongozi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kubadilishana: fanya hiki nikupe kile, usipofanya nikuadhibu. Wa pili ni uongozi wa kuleta mageuzi, ambao humwinua kiongozi pamoja na wafuasi wake mpaka wote wawe na nia iliyo kubwa kuliko maslahi ya kila mmoja. Mwaka 1985 mwenzake Bernard Bass aliyapeleka mawazo hayo katika mashirika. Kiongozi wa namna hiyo, kwa mafundisho yao, huwa mfano kwa mwenendo wake. Huwaonyesha watu waendako mpaka wakatamani kufika. Huwaachia nafasi ya kufikiri na kuipinga kawaida iliyochakaa. Na humjua kila mtu kwa hali yake na uwezo wake. Mambo haya husomeshwa sana vyuoni. Lakini mwenye kukumbuka hatakosa kusema kwamba sisi tuliyaona kwa macho kabla hayajaandikwa. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliuacha uwaziri mkuu kwa Ndugu Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchini kukijenga chama. Mwaka huo huo aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Ni wakuu wangapi leo wanaoweza kuondoka kitini ili kazi isimame vizuri zaidi?

Tulijaribu pia kulitia jambo hili katika taratibu za kazi. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaanzishwe katika mashirika ya umma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukaonya vikali juu ya viongozi wenye kiburi na uonevu. Wafanyakazi waliusoma wakauamini, na katika miaka iliyofuata waligoma katika viwanda kadhaa, wengine bila ya kudai nyongeza ya mshahara, ila kudai heshima. Huo ni ushahidi kwamba mfanyakazi hahitaji mkate peke yake.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni matamu, bali kazi huendeshwa na fedha na mitambo. Tunawaomba watazame Morogoro yenyewe. Katika miaka ya 1970 nchi ilikopa kwa Benki ya Dunia ikajenga kiwanda kikubwa cha viatu mjini humo, kikiwa na mitambo ya kisasa, na viatu vingi vikikusudiwa kuuzwa Ulaya. Hakikupata kuzalisha zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Mitambo iliharibika bila vipuri, na jengo lenyewe halikufaa kwa joto la mahali pale. Fedha zilikuwapo na mashine zilikuwapo. Lililokosekana ni mpango uliotokana na watu waliofahamu mahali pale na kazi ile, wenye uwezo wa kusema mapema kwamba hapa pamekosewa, na wakasikilizwa.

Hapo ndipo penye hatari ya leo. Mwaka 2004 utumishi wa umma ulianzisha utaratibu wa kupima utendaji kwa uwazi, na mabaraza ya wafanyakazi bado yapo. Lakini fomu haina ulimi. Baraza likikutana ili kupiga makofi, na mfanyakazi akijua kwamba atakayetaja upungufu atahamishiwa mbali, basi kosa litafichwa mpaka liwe hasara, na hasara hiyo italipwa na mwananchi.

Kwa hiyo twawaambia wakuu wa kazi: shukeni mkaone. Waulizeni walio chini yenu kabla ya kuamua, waelezeni baada ya kuamua, na mkikosea kubalini. Wala tusimfanye kiongozi yeyote kuwa mtume. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiongozi hodari kuliko wote naye hana budi kutoa hesabu na kutii sheria. Nasi wafanyakazi hatuna ruhusa ya kujificha nyuma ya ubaya wa wakuu. Anayechelewa kazini, anayedai chai kabla ya kumhudumia mgonjwa, na anayekaa kimya barazani kisha akanung'unika njiani, huyo naye anasaidia kuharibu.

Na ninyi vijana wa Mzumbe, kabla hamjapewa viti, pandeni milima iliyo nyuma ya madarasa yenu. Waulizeni wazee habari za mwaka 1955, kisha watazameni wakulima wa Mgeta wakichimba. Nchi inawangojea, na itawapima kwa watu mtakaowaacha nyuma yenu wakiwa bora kuliko mlivyowakuta.